Siku Dada Alipotaka Karanga

Mama alinipigia simu asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni mwangu, katika chumba nilichopanga Nyamugari, mjini Gitega. Hakunisalimia, na mama yangu ni mtu anayesalimia hata mbuzi wa jirani.

"Dada yako hataki kumtazama mtoto," alisema.

"Hataki au hawezi?"

"Wewe na maswali yako. Njoo Muyinga."

Kabla hajakata simu nilimpa agizo moja, kwa sababu siwezi kumaliza mazungumzo bila kutoa agizo. Dada alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku kumi na moja kabla, kidonda kikaingia vijidudu, akapewa dawa kali. "Kila anachokula kichemke, mama. Kila kitu, bila kubagua."

"Unanifundisha mimi kuchemsha?" akasema, na simu ikakatika. Laiti ningelikumbuka agizo lile baadaye.

Wakati huo nilikuwa na wiki tatu tangu nitetee memwari, ile kazi ndefu ya kumalizia chuo, mbele ya walimu watatu. Niliandika juu ya bakteria wanaogandisha maziwa. Walimu wawili walinipongeza, wa tatu alifunga kitabu chake bila kusema neno, na kwa wiki zote tatu nilikuwa namuwaza yule wa tatu. Kazi sikuwa nayo. Nilikuwa nikijitolea kwenye duka dogo la maziwa, nachachusha mtindi kwenye ndoo, nasubiri kuitwa mahali. Kusubiri kunanipa nafasi ya kuwaza, na kuwaza hakujawahi kunisaidia.

Lakini juu ya dada nilikuwa na haki ya kuogopa. Katika familia yetu yeye ndiye mwenye sauti. Tulizaliwa wote wawili kambini Tanzania, na pale kwenye bomba la maji alikuwa akipigania nafasi ya jerikeni letu huku mimi nimeshika upindo wa sketi yake. Amani ilipopatikana tukarudi, mimi na miaka tisa, na Kirundi changu kilikuwa cha kuchechemea. Watoto shuleni waliponicheka, dada aliwajibu kwa Kiswahili cha kasi hata wakasahau walichokuwa wanacheka. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, nyumba nzima inanyamaza.

Nilipanda gari la Muyinga linalopitia Karuzi. Njiani niliandika nyuma ya nakala ya memwari yangu kila kitu kinachoweza kumpata mzazi, kuanzia upungufu wa damu hadi kifo. Nilipofika kwenye kifo nilikata mstari, kisha nikauandika tena, nikaona kuukata ni mkosi na kuuacha ni mkosi pia.

Dada alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Mtoto, wa kike, alikuwa amewekwa nyuma ya mgongo wake, amefungwa vizuri kama mkate.

"Umekuja," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja, dada. Unaendeleaje?"

"Mtazame yeye. Mimi sina kitu."

Alimnyonyesha mtoto alipoletewa, akamrudisha alipomaliza. Hakumwita jina la utani wala kumhesabu vidole. Siku ya kumtoa mtoto nje, ambayo kwetu ndugu hukusanyika na mama huvuka kizingiti na mwanawe kwa mara ya kwanza mbele ya watu, ilikuwa imeshapita. Mume wake, dereva wa lori la maharage linalokwenda mpakani, alikuwa amewaambia wageni wasubiri. Alifua nepi mbele ya macho yangu, akazianika, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Shemeji, atarudi?" Alimaanisha kama mke wake atakuwa tena yule aliyemuoa. Nikaanza kuhesabu nepi kwenye kamba. Swali lake ndilo lilikuwa swali la nyumba nzima.

Kesho yake tulimpeleka dada kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza dada mambo ambayo mimi nisingethubutu: kama anawaza kujidhuru, kama anawaza kumdhuru mtoto. Dada alisema hapana, ila anajiona kama mtu aliyekaa nyuma ya kioo. Muuguzi akatuambia sote: "Huu ni ugonjwa, si tabia. Unapona. Mniletee kila wiki. Alale usingizi, mtoto ashikwe na wengine, na asiwepo mtu wa kumwambia ashukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Hilo analijua." Mama akainamisha uso, maana alikuwa amelisema asubuhi ileile.

Mimi nikabaki nyuma na swali langu. Chuoni nilikuwa nimesoma makala juu ya bakteria wa utumboni na hali ya moyo ya mama aliyejifungua. Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi viumbe wadogo wasiohesabika. Wanasaidia kusaga chakula, na inaonekana wanapelekeana habari na ubongo, kwa njia ambazo wataalamu bado wanazichunguza. Dawa inayoua vijidudu vya kidonda inawafagia na hawa wema. Kwa hiyo, niliwaza, dada amefagiwa. Utumbo wake ni kijiji kilichohamwa. Na nani anajua habari za kijiji kilichohamwa kurudishiwa watu kama sisi?

Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu hawalifanyi. "Nimesikia habari hizo," akasema. "Mengi wameyaona kwa panya, siyo?"

"Mengi, ndiyo."

"Basi mpe mtindi kama anaupenda. Ila kuja hapa asiache."

Mtindi ulikuwepo tayari. Kila asubuhi mama mkwe wa dada alikuwa akituletea kibuyu kutoka kwake pembezoni mwa mji. Ndiyo desturi ya guhemba: mwanamke akijifungua, ndugu wanamletea cha kumrudishia nguvu. Mama mkwe alikuwa mfanyabiashara wa sokoni, mfupi, mwenye Kiswahili cha Muyinga kisichojali ngeli. Aliponiona na daftari langu aliniita Profesa siku ya kwanza, na jina likakaa.

"Profesa, maziwa iko hapa. Mtie dada yako nguvu."

Yeye na mama yangu waliitana bamwana, kama wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana, na walipendana kwa tahadhari. Familia yake haikuwahi kuvuka mpaka kwenda Tanzania. Sisi tulivuka. Kulikuwa na mambo ambayo hawakuulizana.

Nikaanza utafiti wangu. Kila asubuhi niliandika tarehe, mtindi vikombe viwili, usingizi saa kadhaa, kisha hali: hajacheka, hajauliza kitu, amesema maneno matano. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nikimtazama dada kama ninavyotazama ndoo ya maziwa nikisubiri igande. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikafika katikati. Hajacheka. Nikawaza labda vikombe ni vichache. Nikawaza labda bakteria wa Muyinga si wale wa Gitega. Nikamuwaza yule mwalimu wa tatu aliyefunga kitabu, na nikaelewa sasa kwa nini alikifunga.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, niliingia jikoni kutafuta chumvi. Kwa wiki mbili sikuwa nimeingia humo, kwa kuwa mtafiti hupika daftari tu. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria. Mkononi alikuwa na kibuyu cha mama mkwe, na alikuwa anamimina mtindi wote ndani ya uji unaotokota. Akaukoroga, ukachemka mapovu, akauacha uendelee kuchemka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Uji wa dada yako."

"Kila siku unaupika hivyo?"

"Kila siku. Si ulisema kila kitu kichemke? Bila kubagua, ulisema."

Nilikaa chini, pale kwenye majivu. Miaka mitatu nilikuwa nimesoma namna ya kuwatunza viumbe wale, joto gani wanalipenda na joto gani linawaua, kisha nikaamuru kwa simu wauawe wote, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi nimekaa chumba cha pili naandika kwamba hawafanyi kazi. Wala mama sikuweza kumlaumu. Kambini kulikuwa na kipindupindu, na gari lilikuwa likipita na kipaza sauti likitangaza: chemsha, chemsha, chemsha. Mama alichemsha maji, maziwa, hata vijiko. Watoto wake wawili waliishi. Ungemwambia nini mtu huyo juu ya faida za vijidudu?

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Bamwana, mi nauliza tu. Iko maziwa yangu hiyo, kwenye moto?"

Mama mkwe alikuwa amerudi kuchukua kibuyu chake. Mimi mtoto wa kambini sikulijua jambo ambalo kila mtoto aliyezaliwa Muyinga alilijua: maziwa ya ng'ombe wako hayawekwi motoni. Ukiyachemsha, ng'ombe anaumia, chuchu zinakauka.

"Ndiyo maana!" alipiga makofi. "Ndiyo maana wiki hii ametoa kidogo! Mi nasema majani, nasema mvua, kumbe moto iko hapa! Mnanikaushia ng'ombe!"

"Bamwana, nilikuwa namlinda mtoto wangu," mama alisema. "Nyinyi mlibaki na ng'ombe. Sisi tulibaki na jerikeni. Kila mtu analinda kwa alichonacho."

"Tulibaki na ng'ombe?" Mama mkwe alishusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Ng'ombe gani? Walichukuliwa wote, bamwana. Hata kamba. Huyu nimempata juzi tu, baada ya amani. Miaka yote hiyo nilikuwa na kibuyu kitupu kimening'inia ukutani."

Uji ulikuwa unaungua. Nikafikiri nimevunja undugu wa familia mbili kwa simu moja, nikaanza kutafuta kichwani sentensi ya kuomba radhi katika lugha tatu.

"Siku ya saba: hajacheka."

Tuligeuka. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kwa miguu yake, kitenge kimefungwa upande, daftari langu wazi mkononi.

"Siku ya nane: hajacheka. Siku ya tisa: amesema maneno matano, mawili ni 'toka hapa'." Akafungua ukurasa mwingine. "We, mimi ni nini? Mbuzi wa mnadani, unaniangalia meno?"

"Dada, nilikuwa nataka..."

"Unakaa kwenye kigoda unanikodolea macho kama bundi! Ningecheka kwa lipi? Na nyinyi wawili," aliwageukia wale wazazi, "mnagombea uji ambao hata siupendi! Una mabonge! Wiki mbili nakunywa mabonge kwa sababu sina nguvu ya kukataa!"

Ile ilikuwa sauti ya kwenye bomba la maji. Mama akaniangalia. Mimi nikamwangalia mama mkwe. Na mama mkwe, badala ya kukasirika, alimuuliza taratibu: "Mabonge, kweli?"

"Makubwa, mama."

"Maziwa yangu haina mabonge," akasema, akamgeukia mama yangu kwa huzuni ya kweli. "Bamwana, umeyaharibu mara mbili."

Dada alikaa kwenye gunia la mkaa. Hakucheka. Alilia, kwa muda mrefu, na wale wazazi wawili wakakaa chini kila mmoja upande wake, na mimi nikaondoa sufuria motoni. Jioni niliwaza kwamba nimemzidishia ugonjwa. Wiki hiyo muuguzi alipoambiwa, aliuliza tu: "Aliwafokea nyote?" Tukasema nyote. "Vizuri," akasema.

Hukumu ya mtindi aliitoa mama mkwe palepale jikoni, na sijawahi kusikia hukumu bora chuoni. Maziwa ya ng'ombe wake moto hautayagusa. Lakini mama yangu naye hakukosea, na hilo nililisema mimi: maziwa mabichi yana magonjwa yake, na mwenye kidonda hapaswi kujaribiwa nayo. Mama mkwe alifikiri. "Basi mnunue ya sokoni," akasema. "Ng'ombe yake mi siijui. Hiyo chemsheni mpaka mchoke."

Nikafanya kama nilivyofanya kwenye duka la Gitega. Nilichemsha maziwa ya sokoni, mama akasimamia mapovu kwa macho yake. Nikayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie. Ndipo nikatia vijiko vitatu vya mtindi niliokuwa nimeagiza kutoka dukani kwetu, uliokuja na gari la Karuzi ndani ya chupa iliyovikwa soksi. Mama mkwe alileta kibuyu kipya, hakijawahi kutumika, amekifukiza moshi mwenyewe kipate harufu. Tukakifunga kitenge, tukakiacha ndani ya kapu. Na mara hii agizo lilikuwa: baada ya hapo, moto marufuku.

Kesho yake uliganda laini kama krimu. Mama mkwe alionja kwa kidole, akafumba macho. Nilisimama mbele yake nikiwa na hofu kuliko siku ya memwari.

"Iko chachu kidogo," alisema. Akaonja tena. "Lakini iko maziwa."

Dada alikunywa kikombe kizima, baridi, akarudisha kikombe, kisha akakiomba tena. Daftari lilikuwa sasa lake. Alisema kama ni kuandika ataandika mwenyewe, na mimi nisifungue. Nilifungua, kwa kweli, mara moja. Alikuwa ameandika: "Leo nimelala." Siku nyingine: "Mtoto ana alama sikioni. Haikuwepo jana, au sikuiona." Nililifunga haraka, nikaenda kusimama uani mpaka macho yakauke.

Siku zikaenda. Wale bibi wawili waligawana zamu za kumshika mtoto, shemeji alipunguza safari, muuguzi aliuliza maswali yake kila wiki. Nakiri kwamba sijui ni kipi kilichomrudisha dada. Huenda ni usingizi. Huenda ni kupata watu wa kuwafokea. Huenda wanakijiji wangu wadogo walikuwa wamerudi na kuanza kulima. Ningelazimishwa kulitetea mbele ya walimu watatu, yule wa tatu angekifunga kitabu, na angekuwa na haki.

Ninachokijua ni asubuhi moja ya jua, mtoto akiwa amekaribia miezi miwili. Niliingia na kikombe. Dada alikuwa amekaa kitandani, mtoto miguuni mwake, anamvuta vidole kimoja kimoja.

"Nataka karanga," alisema.

Nikasimama. Tangu nifike Muyinga hakuwahi kusema nataka.

"Karanga za kukaanga," akaendelea. "Zenye chumvi. Nyingi."

Nikakimbia uani kutangaza. Mama alishika kifua. Mama mkwe alifurahi, kisha akakunja uso. "Amekunywa maziwa leo?"

"Bado."

"Basi asinywe. Karanga na maziwa siku moja? Ng'ombe atakufa."

"Lakini mama, maziwa ni ya sokoni!" nilisema. "Na akikosa siku moja, hesabu yote ya..."

"We Profesa." Dada alikuwa mlangoni, anamfunga mtoto mgongoni, anakaza kitenge kifuani kwa mikono miwili. "Ng'ombe wa sokoni naye ana mwenyewe. Leo maziwa basi. Leo ni karanga, na ninaenda kuzinunua mimi, maana wewe utaniletea mbichi."

Hapo ndipo kila mmoja wetu alipoelewa anachokifanya, naye hakutupa nafasi ya kukiita jina. Alivuka kizingiti. Mtoto alikunja uso kwa jua. Mama mkwe akapiga vigelegele, mama yangu akajibu, na majirani wakatoka kuuliza kuna nini, wakaona, wakapiga na wao. Siku ya kumtoa mtoto nje, bila mwaliko wala pombe ya mtama, ikafanyika njiani kuelekea sokoni, watu wanaongezeka nyuma yetu kila kona, na shemeji akishuka kwenye lori lake kando ya barabara, mdomo wazi, funguo mkononi.

Sokoni dada alimkamata muuza karanga.

"Hizi ndizo karanga? Zimeungua upande mmoja, upande mwingine zinalia."

"Mama mtoto, ni tamu. Onja."

"Nimeshaonja, ndiyo nasema. Jaza kikombe, usiweke kidole ndani. Nimekiona kidole chako!"

Watu wakacheka. Muuza karanga akacheka, akatoa kidole. Na dada akacheka pia, kichwa nyuma, mtoto akitikisika mgongoni. Shemeji alikuwa nyuma yangu. Nilimgeukia nikamwambia: "Amerudi." Nilichelewa sana kumjibu, lakini nilimjibu.

Tuliporudi nilikuwa nimekula karanga hadi taya zikauma, na kiu. Kikombe cha asubuhi kilikuwa bado juu ya meza. Bila kuwaza, labda mara ya kwanza maishani mwangu, nilikinyanyua nikakimaliza. Nilipokishusha, macho manne yalikuwa yananitazama, mawili ya mama mkwe.

"Profesa!"

Dada alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika polepole huku akisoma kwa sauti, ili wote tusikie:

"Mdogo wangu amekula karanga akanywa na maziwa. Ng'ombe akikauka, alipe yeye. Hali yake: hajui aweke wapi mikono. Kesho nitamchunguza tena."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alifika mapema kuliko siku zote. Kibuyu alichobeba kilikuwa kimejaa maziwa ya ng'ombe wake hadi shingoni, na hakutaja ng'ombe hata kidogo.